Muulize Fundi: "Simu yangu iingie kwenye kompyuta, iingie na kwenye TV"

Barua za mwezi huu ni kama zilikaa kikao kabla ya kutumwa. Mmoja anataka programu ya simu ifunguke kwenye kompyuta, mwingine kwenye TV ya sebuleni, wa tatu kwenye TV ya mama yake ng'ambo ya bahari. Nimechagua saba. Nyingine nimezijibu kwa kirefu kwa sababu ndizo zinazoleta watu kibandani kwangu kila wiki. Nyingine nimezipitia haraka, wenyewe mtanisamehe.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni fundi wa Kariakoo, jirani na Mtaa wa Aggrey, kibanda chenye meza moja na viti viwili, kimoja kibovu. Kazi nilianza mwaka 1994 na TV za chogo, mwaka uleule ambao huku Bara tulipata televisheni yetu ya kwanza (wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, na hawajaacha kutukumbusha). Enzi hizo mteja akisema TV haioneshi, unajua pa kuanzia. Leo mteja anasema tu "haifunguki", na mimi namuuliza: jiko liko wapi?

Maana programu hupikwa mahali na huliwa mahali. Kupika ni kazi ya prosesa, ubongo wa kifaa, na RAM, kumbukumbu yake ya kazi. Kula ni kioo na spika. Ukitaka programu ya simu kwenye kioo kikubwa, ama unahamisha jiko zima kulipeleka kwenye kompyuta, ama unapikia kwenye simu na kupeleka sahani mezani, ama unaiagiza TV ijipikie yenyewe. Kila njia ina gharama yake. Wengi wanaokuja kwangu na kompyuta zilizokufa ganzi walihamisha jiko wakati walichohitaji ni sahani tu.

"Shikamoo fundi. Nina steshenari Mbagala. Wateja hunitumia kazi zao kwa WhatsApp, mimi nazitoa kwenye printa. Kijana mmoja aliniwekea emuleta ya Android kwenye kompyuta ya dukani na kuingiza WhatsApp yangu humo. Tangu siku hiyo kompyuta inakwama hata kufungua Word, na WhatsApp ya kwenye simu imejitoa yenyewe. Kompyuta ina RAM ya GB 4. Niongeze RAM au ninunue nyingine?" – Mama Steshenari, Mbagala

Marahaba mama. Usinunue kitu. Fungua pochi siku nyingine.

Emuleta ni simu nzima inayoishi ndani ya kompyuta. Ina Android yake, ina nafasi yake kwenye diski, na inadai RAM yake. Kwenye mashine ya GB 4, Windows peke yake imeshakula sehemu kubwa kabla hujagusa kitu. Ukiongeza simu nzima juu yake, umepangisha familia ya pili kwenye chumba kimoja. Hata watu wa BlueStacks, ambayo ni moja ya emuleta za zamani na zinazojulikana, wanasema GB 4 ni kiwango cha chini kabisa na wanapendekeza GB 8. Cha chini kabisa maana yake itafunguka. Hawajasema na Word ifunguke pia.

Kuhusu WhatsApp kujitoa kwenye simu: namba moja ina simu kuu moja. Kijana alipoingiza zile tarakimu zilizokuja kwa meseji, emuleta ikawa ndiyo simu yako kuu, na simu yako halisi ikatolewa nje kama mpangaji. Kijana hakukusudia ubaya, alijua njia moja tu.

Fanya hivi. Kwanza fungua hiyo emuleta kwa mara ya mwisho, kwa subira, uhamishe mafaili ya wateja yaliyoingia humo, maana ukiifuta yanaondoka nayo. Kisha rudisha WhatsApp kwenye simu yako kwa namba yako, ndipo uifute emuleta. Baada ya hapo fungua kivinjari cha kompyuta, nenda web.whatsapp.com, chukua simu, ingia sehemu ya Vifaa Vilivyounganishwa, uskani ule mchoro wa miraba. Basi. Hiyo njia ipo tangu Januari 2015. Mwanzoni ilikuwa sahani tu, jiko likiwa kwenye simu: simu ikizima chaji, na kompyuta inanyamaza. Tangu mwaka 2021 walianza kuibadilisha, na sasa simu inaweza hata kuzimwa huku kompyuta ikiendelea kupokea ujumbe. Unaruhusiwa kuunganisha vifaa vinne. Sharti lililobaki ni kwamba simu kuu isipotumika kwa siku 14, vyote vinatolewa. Ukitaka usifungue kivinjari, ipo programu ya WhatsApp ya Windows, lakini kwa GB 4 zako mimi ningebaki na kivinjari.

Sasa na mimi nina neno na nyinyi wenye steshenari. Mwaka jana nilikwenda kuprinti ankara ya mteja kwenye duka moja, si lako. Nimefungua kivinjari, nakuta WhatsApp ya mtu nisiyemjua imelala wazi. Mazungumzo ya juu kabisa ni mama na binti yake wanagombana kuhusu mahari. Mahari yenyewe, na kiasi, na jina la mposaji aliyekataliwa! Huyo binti aliingia kuprinti barua ya kazi, akaskani kwa simu yake, akaondoka. Niliifunga, nikamwambia mwenye duka, akacheka akasema "wanasahau kila siku."

Basi mama, mteja akitaka kufungua WhatsApp yake kwenye mashine yako, mfungulie dirisha la faragha, lile ambalo ukilifunga linasahau kila kitu. Kwenye Chrome bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Na wewe msomaji uliyewahi kuprinti kwa namna hii popote pale, acha kusoma dakika moja, fungua Vifaa Vilivyounganishwa kwenye simu yako, uangalie kuna nini humo. Ukiona Windows usiyoijua, iguse na uitoe.

"Habari za kazi fundi. Niko chuo hapa Dodoma. Laptopu yangu ni Core i5, RAM GB 8, haina kadi ya picha. Nataka kucheza PUBG Mobile humo. Nimejaribu emuleta mbili, zote zinaandika kwamba virtualization imezimwa. Moja ilikubali mwishoni, lakini mchezo unavuta, na wapinzani ninaopewa ni wakali kupita wa kwenye simu. Rafiki yangu anasema Windows 11 ina Android yake ya ndani, sihitaji emuleta. Ni kweli?" – Kijana wa UDOM

Rafiki yako anakupa gazeti la juzi. Microsoft walitangaza jambo hilo mwaka 2021 pamoja na Windows 11 yenyewe: Android ndani ya Windows, programu zikichukuliwa kwenye duka la Amazon. Niliijaribu na niliipenda, ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Machi 2024 wakatangaza kuifunga, na tarehe 5 Machi 2025 huduma ikakoma. Ukiikuta leo mahali fulani "imeboreshwa", jua imepikwa upya na mtu usiyemjua. Achana nayo.

Sasa hiyo virtualization. Ni uwezo wa prosesa kujigawa, ikahudumia mfumo wa pili bila kufanya kila kitu kwa mkono. Prosesa yako inao, ila kiwandani mara nyingi hukaa umezimwa. Zima laptopu, iwashe, na kabla alama ya kampuni haijaondoka gonga F2, au F10, au Delete, au Esc, inategemea nani kaitengeneza. Utaingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya msingi ya mashine, wenye sura ya miaka ya tisini. Kwa Intel tafuta maneno VT-x au Virtualization Technology. Kwa AMD mara nyingi limeandikwa SVM. Washa, hifadhi, toka. Kuhakikisha, fungua Task Manager, upande wa Performance, gusa CPU; chini pale itakuambia kama imewaka. Usiguse kitu kingine kwenye BIOS. Nasema hivyo kwa sababu vijana wawili wa chuo chako wameshaniletea laptopu zisizowaka kabisa baada ya kujisikia wenyeji humo ndani.

Kuvuta kwa mchezo kuna sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ambayo umeshaitibu. Ya pili ni lugha. Prosesa za simu karibu zote zinazungumza lugha inayoitwa ARM. Prosesa za Intel na AMD zinazungumza nyingine, x86. Mchezo ukiwa umeandikwa kwa ARM tu, emuleta inakaa katikati kama mkalimani, inatafsiri kila sentensi huku mnapigana risasi. Ndiyo maana utaona laptopu ya bei mara tatu ya simu inashindwa na simu hiyohiyo kwenye mchezo uleule. Si kwamba laptopu ni mbovu. Inacheza huku inatafsiri. Wenye Mac za tangu Novemba 2020, zenye prosesa za M1 na kuendelea, hawana mkalimani huyo, kwa sababu mashine zao nazo ni ARM, na programu nyingi za iPhone zinafunguka humo moja kwa moja, mwenye programu akiruhusu.

Kwenye mipangilio ya emuleta igawie nguvu kwa kiasi: kori (vichwa vya prosesa) mbili au nne, RAM GB 4 isizidi, ubora wa picha 720. Chomeka chaji, maana laptopu ikiwa kwenye betri hujipunguzia nguvu. Na usiiweke juu ya godoro la hosteli. Najua ndipo ilipo sasa hivi. Feni inavuta hewa chini. Godoro linaiziba pua.

Wapinzani wakali si bahati mbaya. PUBG Mobile inatambua kwamba uko kwenye emuleta na inakuweka na wenzako wa emuleta, watu wanaolenga kwa kipanya na kibodi. Kumweka mtu wa namna hiyo na mtoto anayecheza kwa vidole gumba kwenye daladala isingekuwa haki. Watengenezaji wa mchezo, Tencent, wana emuleta yao rasmi inaitwa GameLoop. Kwa mchezo huo mmoja, anzia hapo. Google nao wana Google Play Games ya kompyuta, waliyoanza kuijaribu Januari 2022 kule Korea Kusini, Hong Kong na Taiwan kabla ya kuisambaza. Inataka RAM GB 8, diski ya SSD na prosesa ya kori nne, na haina michezo yote, lakini ni safi.

Neno "safi" nimelichagua. Februari 2021 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza jinsi wahalifu walivyoingia kwenye njia ya masasisho ya emuleta ya NoxPlayer na kuwapelekea programu ya ujasusi watumiaji wachache waliochaguliwa huko Asia. Hao walikuwa wamepakua kutoka mahali sahihi. Sasa wewe unayenakili kwenye flashi ya mwenzako chumba namba kumi na mbili, unajua imepita wapi? Pakua kwa mwenyewe, na ndani ya emuleta fungua akaunti mpya ya Google ya michezo. Ile yenye matokeo ya chuo na picha za familia iache kwenye simu.

"Fundi, mimi ni mama wa watoto watatu, Tanga. Nimenunua TV ya inchi 43. Muuzaji aliapa kwamba ni smati na kila kilichoko kwenye simu kitaingia. Nimeitafuta programu ya masomo wanayotumia wanangu, dukani kwenye TV haimo. Fundi wa mtaani kaleta kwenye flashi, TV inasema faili haitambuliki. Nimeibiwa?" – Mama Watatu

Hujaibiwa, umepewa nusu ya maneno. Smati si kabila moja. Kuna TV zenye Android TV, ambayo Google waliitangaza mwaka 2014, na siku hizi nyingi zinavaa sura inayoitwa Google TV. Samsung wana mfumo wao, Tizen. LG wana webOS. Hisense nyingi zina VIDAA. Faili la programu ya Android ukilipeleka kwenye Tizen au webOS ni sawa na kutia kaseti kwenye deki ya CD. Maelezo yako yananiambia TV yako ni ya upande huo, na hakuna flashi itakayoibadilisha.

Wenye Android TV msicheke bado. Kwenu pia duka la TV linaonesha programu chache kuliko simu, kwa sababu linatoa zile tu ambazo mtengenezaji amezikubalisha kwa rimoti. Simu ina tachi, unaparaza, unabana, unavuta. Rimoti ina mishale minne na OK. Programu ya simu ikilazimishwa kwa flashi huweza kufunguka ubavuni, au kukaa na kitufe ambacho mshale haukifikii kamwe. Hapo chomeka kipanya cha kompyuta kwenye tundu la USB la TV. Watu hawaamini mpaka waone kishale kinatokea.

Kwako mama, pikia kwenye simu na upeleke sahani. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kuakisi kioo chake kwenye TV bila waya, kwa teknolojia ya Miracast iliyoanza mwaka 2012. Jina ndilo linalowachanganya watu: kwenye Samsung ni Smart View, kwenye nyingine ni Cast au Wireless Projection. Livute pazia la juu la simu ulitafute. Kwenye TV fungua sehemu ya kupokea kioo. iPhone ina yake, AirPlay, na TV nyingi mpya zinaielewa. Kuakisi kwenyewe hakuli bando; picha inatoka simu hadi TV humohumo sebuleni. Bando linaliwa na programu yenyewe kama inavyoliwa kwenye simu.

YouTube ni habari nyingine. Ukibonyeza kile kialama cha TV ndani ya YouTube, simu inakuwa mhudumu tu: inaiambia TV "chukua video fulani", na TV inaifuata yenyewe mtandaoni. Unaweza kupokea simu, hata kuzima kioo, video inaendelea. Kwenye kuakisi, ukizima kioo na TV inazima. Na kila kinachotokea kwenye simu kinatokea mbele za watu.

Hilo la mwisho nalijua vizuri. Nilikuwa mhazini wa kikao cha harusi ya mpwa wangu. Nikaakisi simu yangu kwenye TV ya shemeji ili wajumbe waone michango, fundi nijisikie. Tumefika mstari wa ukumbi, juu ya TV ya inchi 55 ikashuka meseji ya mwenye duka la vipuri: "Ndugu hiyo laki mbili na nusu vipi, mwezi wa tatu huu." Kimya. Halafu shangazi mmoja akauliza kwa upole kama hela za kamati ziko salama. Washa hali ya usisumbue kabla ya kuakisi. Kwenye somo la watoto pia.

"Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, mama yangu yuko Unguja. TV yake si smati lakini ina HDMI. Nataka kumpelekea kisanduku cha Android. Nimeona kimoja cha bei ndogo sana, kimeandikwa chaneli zote duniani bure, maisha yote. Unanishauri?" – Mtoto wa Mwanakwerekwe

Wa alaykum salaam. Kukiweka sebuleni kwa mama yako? Hapana.

Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Kanada alieleza jinsi alivyonunua kisanduku cha T95 huko Amazon na kukuta kimeshatiwa programu hasidi tangu kiwandani, kabla hajaingiza hata nywila ya waifai. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya HUMAN Security ikachapisha uchunguzi mpana na kuupa mtandao huo jina BADBOX. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa tahadhari kwa umma kuhusu BADBOX 2.0, na Julai Google wakaenda mahakamani. Si kisanduku kimoja basi, ni mamilioni ya vifaa.

Kinachofanyika ni hiki. Kisanduku kinaonesha mpira vizuri tu. Nyuma yake kinabofya matangazo ambayo hakuna binadamu anayeyaona, na kinaikodisha intaneti ya mama yako kwa watu wa mbali wanaotaka kuonekana kana kwamba wako Unguja. Yeye ataona bando linaisha kabla ya Ijumaa na atailaumu kampuni ya simu. Kukisafisha ni shida kwa sababu uchafu umo kwenye mfumo wenyewe. Ukikirudisha kiwandani, unakirudisha kwenye ugonjwa.

Dalili za kukitambua: kinafunguka kwa sura ya Android ya simu badala ya Android TV, kinakutaka uzime Play Protect, ule ulinzi wa Google dhidi ya programu hasidi, hakina jina la kampuni unayoweza kuitafuta, kinaahidi chaneli za kulipia bila malipo. Hiyo ahadi peke yake inatosha, maana mtu anayekuibia chaneli hatakuwa mwaminifu kwenye waifai yako.

Nunua chenye Android TV au Google TV iliyothibitishwa, kama vijiti vya Xiaomi au kisanduku cha Google wenyewe. Kiwashe hukohuko Muscat kwanza. Kisasishe kwa intaneti yako, maana ukimwachia mama masasisho yale umemmalizia bando la wiki. Muingizie akaunti, ongeza ukubwa wa maandishi, futa vialama asivyovihitaji vibaki vitatu au vinne. Peleka na chaja yake: TV nyingi za zamani tundu lake la USB halitoi umeme wa kutosha, kijiti kinawaka na kuzima, na mama atakupigia saa tano usiku akikuambia kimekufa.

"Kijana wangu fundi, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, Iringa. Wajukuu wako mbali, nataka niwaone kwenye TV tunapopigiana WhatsApp ya picha. Nimenunua kifaa cha kutoka Type-C kwenda HDMI. Kinawaka taa, TV inasema hakuna mawimbi. Nimebadilisha waya mara mbili." – Mwalimu

Shikamoo mwalimu. Kifaa chako na waya zako zote ni nzima. Tatizo ni kwamba tundu la Type-C ni umbo tu. Ndani yake kampuni inaweza kuunganisha njia ya picha, inayoitwa DisplayPort, au isiunganishe. Simu za bei kubwa nyingi zinayo. Simu nyingi tunazomudu hazina. Tundu lao ni la chaji na mafaili. Ile taa inayowaka inakuambia umeme umefika, picha ni mambo mengine. Muulize muuzaji kama atakirudisha.

Njia isiyo na usumbufu kwako ni kompyuta. Kama ipo nyumbani, hata ya mjukuu wa karibu, iunganishe na TV kwa waya wa HDMI, weka WhatsApp ya Windows, upige simu ya picha kutoka humo. Kamera ni ya kompyuta, kwa hiyo iweke chini ya TV, uangalie upande mmoja. Kama hakuna kompyuta, akisi simu kama nilivyomweleza Mama Watatu, isimamishe simu mbele ya TV ikiegemea glasi, na upunguze sauti ya TV mpaka mwangwi uishe. Picha itachelewa kidogo kufika, midomo ya wajukuu itapishana na maneno. Utazoea.

"Programu ya benki yangu inakataa kufunguka kwenye emuleta. Na nikiakisi simu kwenye TV, kioo kinakuwa cheusi. Naitatuaje?" – Bila jina

Usiitatue. Benki wameifunga makusudi isipigwe picha wala kukaa kwenye simu ya kuigiza. Programu za filamu za kulipia nazo hutoa weusi huohuo kwa sababu ya ulinzi wa hakimiliki. Na kabla hujaniandikia tena: *150*00# ya M-Pesa haiwezi kupigwa kwenye emuleta, maana inapita kwenye laini na emuleta haina laini.

"Fundi, simu yangu imeanguka, kioo cheusi lakini inaita. Kubadilisha kioo ni gharama. Naweza kuifungua kwa kompyuta nitoe picha za marehemu baba?" – Dada wa Mwanza

Pole sana dada. Inawezekana, kwa sharti moja ambalo sijui kama unalo.

Kuna programu ya bure inaitwa scrcpy, jina lisilotamkika, waliyoitoa watu wa Genymobile mwaka 2018. Unachomeka simu kwa waya wa USB, kioo cha simu kinatokea ndani ya kompyuta, unakigusa kwa kipanya na kuandika kwa kibodi. Haihitaji intaneti, wala haiachi kitu cha kudumu kwenye simu. Kwa upande wangu ndiyo kifaa bora kuliko vyote nilivyotaja leo. Sharti lenyewe: simu iwe ilishawashwa USB debugging, ruhusa ya kompyuta kuiendesha simu kwa waya, kabla ya kuanguka, na kompyuta hiyo iwe ilishakubaliwa. Ukiwa nayo nzima, unaingia Kuhusu Simu, unagonga namba ya toleo mara saba ili mipangilio ya watengenezaji (Developer options) ifunguke, kisha unaiwasha humo. Ikiwa na kioo cheusi, huna pa kugonga.

Kama hukuwahi kuiwasha, usikate tamaa. Kama simu yako ni ya zile zenye njia ya picha nilizomweleza Mwalimu, iunganishe na TV kwa kifaa chenye HDMI na USB pamoja, chomeka kipanya, ufungue nywila ukiangalia TV. Kama si hizo, mtafute fundi mwenye kioo cha jaribio. Tunavyo, vilivyokwaruzika, ambavyo hatuviuzi. Anafungua simu, anakiegesha bila gundi, unahamisha picha zako, anakitoa. Mimi natoza kazi ya mkono tu.

Nilikuwa sifanyi hivyo. Miaka kadhaa nyuma alikuja kaka mmoja na simu kama yako, nikamwambia kwa haraka ya jioni kwamba bila kioo kipya hakuna kitu, akaiuza palepale nje kwa mnunua mabovu. Wiki iliyofuata alirudi kuuliza kama namfahamu yule mnunuzi, kwa sababu humo mlikuwa na sauti ya mke wake aliyefariki. Sikumfahamu. Kwa hiyo usiiuze, dada, na usiiweke kwenye mchele. Izime, ifunge kwenye kitambaa, na ukipata mtu wa kuja Dar mpe ailete.